Mkwaruzo wa Saa Tisa

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na muuza nazi,
Mbaruku Gao ametandika kitambaa cha kijani
na juu yake saa ishirini na tatu,
kila moja inashikilia la kwake.

Nilikuwa nimeshaumwa mara mbili.
Ya kwanza niliifungua nyumbani kwa ncha ya kisu:
ndani, palipopaswa kuwa na kamani,
betri, na plastiki nyeupe kama jino la utotoni.
Ya pili ilitembea vizuri kutoka pale hadi Chuda,
ikafika, ikapumzika mpaka leo.
Nilipoirudisha Mbaruku aliitikisa sikioni.
"Haijakuzoea," akasema. "Saa kongwe ina hasira, bwana,
haishikwi na kila mkono."

Lakini mimi sikuwa mkusanyaji.
Nilikuwa naitafuta moja tu,
ya baba, Mzee Hoza Semboja, nyapara wa mkonge Kigombe,
aliyopewa siku ya kustaafu,
ikauzwa mwaka aliolazwa Bombo
na dawa zikawa za kununua nje.
Nani aliichukua hatukuuliza.
Mwenye shida hahesabu chenji.

Basi nikakosea. Nikamweleza.
Uso rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai.
Akrabu ndogo ya sekunde chini, peke yake,
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Mgongoni herufi mbili, H.S.
Na kwenye kioo mkwaruzo, hapo saa tisa,
siku alipojigonga na toroli la mkonge.

Mbaruku alisikiliza macho nusu
kama fundi anayepima koti bila utepe.
Hakuandika kitu.
"Njoo Alhamisi ya pili."

Alhamisi ya pili hakuiokota kitambaani,
aliitoa mfukoni, ndani ya leso,
ili nijue heshima yake.
Maziwa na chai. Akrabu ya adhabu.
H.S.
Laki na themanini.
Sikushusha hata shilingi,
nani anapatana bei juu ya baba yake?

Usiku, nikiitia ufunguo chini ya taa,
ndipo nikauona mkwaruzo: kushoto,
juu ya tarakimu tisa.
Na tarakimu tisa kwetu ni saa tatu.
Saa tisa ya baba ilikuwa kulia, juu ya tatu,
saa tisa ya alasiri, ya kengele ya kutoka shambani,
ya mtu aliyeanza kuhesabu jua lilipochomoza.
Mimi nilitaja wakati.
Mwenye msasa alisikia namba.

Nikarudi na hasira niliyoifanyia mazoezi njia nzima.
Mbaruku aliitazama saa, akanitazama mimi,
akaigeuza kichwa chini.
Mkwaruzo ukahamia kulia,
mtoto wa adhabu akapanda darini.
"Basi ivae hivi," akasema.
Nilitaka kucheka, nikakunja uso.
"Tena, ndugu yangu, hukuniuliza ni ya nani.
Uliniuliza kama ninayo."

Muuza nazi akageukia upande wa pili, mabega yakimtikisika.
Pesa sikuziona.

Inachelewa dakika kumi na moja kwa siku.
Nilipompelekea mama, sikumwambia lolote,
nilimwekea tu kiganjani, kwa kuwa macho yamemchoka.
Hakuipapasa kutafuta herufi.
Aliiweka sikioni, kitambo,
chai ikipoa.
"Ya baba'ako," akasema, "ilikuwa na kelele zaidi.
Hii ina adabu."

Nikanyoosha mkono aniregeshee.
Akavuta sahani, akala kwa wa kulia,
wa kushoto umeifumbata
mpaka chakula kikaisha.